Ndoa ya Kumnyamazisha Filomena

Niseme mapema nisije nikasutwa: mimi ndiye niliyemtengeneza Filomena nywele siku ya harusi yake, na siku ile nilikuwa na hasira. Mwanamke ana miaka hamsini na miwili, hajawahi kumsumbua mtu hapa mtaani kwetu Brooklyn, anashona zake, anakwenda zake misa, halafu anaolewa kwa kuletewa taarifa na wakili. Hata posa hakuna. Wakili Portanova aligonga mlango Jumanne asubuhi, akavua kofia, akamwambia kwamba Jumamosi saa nne anaolewa na Don Calogero Brancaforte, na kama ana shangazi wa kumwalika amwalike.

Filomena akauliza kama anaweza kumalizia kwanza koti la mtu. Ndivyo alivyo.

Alikuwa fundi cherehani. Suruali zote za wanaume wa Don Calogero zilipita mikononi mwake, za harusi, za mazishi na za mahakamani. Wao husimama juu ya kigoda, yeye anapiga magoti chini, mdomo umejaa pini, na kwa miaka thelathini walizungumza mambo yao yote juu ya kichwa chake kana kwamba pale chini kuna paka. Don Calogero hata jina lake hakulishika. Alimwita "fundi", basi. Na Don ndiye aliyekuwa mkubwa wa familia, na ninaposema familia sisemi ya damu tu, mnanielewa. Akisema hama, unahama. Akisema hukuona, basi hukuona.

Sasa serikali ikaleta gari la maua, likaegeshwa mbele ya klabu yao mwezi mzima bila kuuza ua hata moja. Ndani yake walikaa makachero na kamera. Wakampiga Don picha kupitia dirisha la klabu, amesimama juu ya kigoda, mguu mmoja wa suruali mrefu, mwingine mfupi, kidole kimenyooka anamwagiza mpwa wake Nunzio, na pale miguuni Filomena na futi yake shingoni. Kesho yake lori zima la mafuta ya zeituni likapotea barabara ya New Jersey. Mtaa mzima tulikaanga biringanya kwa mafuta yale miezi mitatu, nami nikiwemo, sitaki kujitakasa. Don akashtakiwa, na Filomena akaitwa aje aape mbele ya jaji aseme alisikia nini siku ile.

Mtu mwingine yeyote hapa kwetu angesema hakusikia, tungerudi nyumbani tukapike. Lakini Filomena hajui kusema uongo. Huyu ni mtu anayemrudia padri kumwambia dhambi ya mwaka juzi aliyoisahau. Wasaidizi wakubwa wa Don wakakaa kikao kuhusu huo ukweli wake kama watu waliopata msiba. Kumtisha haikufaa, maana mkweli ukimtisha, atakwenda kusema pia kwamba umemtisha. Ndipo Portanova, mzee wa miaka sabini na moja, akakumbuka kitu alichofundishwa ujanani: mke hatoi ushahidi dhidi ya mumewe ikiwa mume hataki. Don alikuwa amefiwa na mkewe miaka kumi na moja nyuma. Wakapigana mabega kwa furaha, wakafungua chupa. Hakuna aliyesema tumuulize Filomena.

Harusini nilikaa benchi la mbele, kwa hiyo hili nililisikia kwa masikio yangu. Padri alipomgeukia Don ili aseme kiapo, Don alimwinamia Nunzio akamnong'oneza, "Anaitwa nani?"

Nunzio naye hakuwa na uhakika. Bibi harusi ndiye aliyewatajia jina, polepole, ili wasifedheheke.

Alhamisi iliyofuata tukajazana mahakamani. Portanova alisimama amevaa tai mpya, akaisema ile sheria yake kwa sauti ya mtu anayesoma wosia, kisha akaketi kwa maringo. Mwendesha mashtaka, binti mdogo mwenye viatu vya bapa, akainuka akadai kwanza kwamba ndoa yenyewe ni ya geresha. Jaji akamwambia cheti ni cha kanisa, na nani anampenda nani si kazi ya mahakama. Binti hakubishana. Akasema haidhuru, kwa kuwa sheria hiyo ilibadilika miaka sita iliyopita: ile haki ya kunyamaza si ya mume tena. Ni ya mke peke yake. Mke akitaka kusema, mume hana lake.

Portanova akaomba kitabu. Akapewa. Akasoma, akarudia kusoma, akaangalia jalada kuona mwaka, kisha akakaa chini taratibu kama mtu aliyeambiwa presha yake. Don alimtazama kwa jicho ambalo zamani lingemfanya mtu afungashe.

Jaji, mwanamama mwenye miwani ya kamba, akamgeukia Filomena. Akasema, "Bibi, hapa hakuna wa kukulazimisha useme, wala hakuna wa kukuzuia. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Filomena akageuka nyuma kuangalia ni nani anayeulizwa. Alipoona ni yeye, akaomba muda wa kufikiri, akapewa mpaka Jumatatu.

Jamani, hizo siku nne. Wanawake ambao walikuwa hawamsalimii walipanga foleni mlangoni na sinia za tambi za kuoka, kila mmoja anamwita dada. Nunzio alipanda ngazi kuosha madirisha, akavunja mawili. Portanova alileta maua na kuomba radhi, Filomena akayaweka kwenye ndoo kwa kuwa vyombo vyote vilikuwa vimejaa maua. Na Don Calogero, mtu ambaye sidhani aliwahi kujua sabuni ya vyombo inawekwa wapi, alifunga aproni ya marehemu mkewe akasimama kwenye sinki. Filomena alikuja saluni kunihadithia, anacheka mpaka analia. Alisema mzee anaosha sahani moja kwa robo saa, kisha anaigeuza kumwonyesha.

Mimi sikucheka sana, kwa sababu nilijua jambo ambalo wao hawakulijua. Filomena alikuwa na mchumba zamani, Saverio Lo Presti, fundi viatu, kijana mzuri mwenye mdomo mwepesi. Siku ya maandamano ya mtakatifu upepo ulichukua kofia ya Don ukaitupa kwenye sufuria ya muuza soseji, na Saverio akacheka. Alicheka tu. Kesho yake aliambiwa ahame mtaa, akahama mpaka Buenos Aires, akaoa huko, akazaa watano. Filomena alikuwa ameshashona gauni. Sikumsikia akimtaja tena Saverio, lakini sikumsikia akimkubali mwanamume mwingine pia.

Basi Jumapili baada ya misa, Don akiwa amechoka na sahani, akamuuliza mkewe moja kwa moja ana kinyongo gani naye. Filomena akamjibu: Saverio.

Don akasema, "Saverio yupi?"

Filomena aliniambia hapo ndipo moyo ulipomuuma hasa. Angekumbuka na kujitetea, sawa. Lakini kumharibia mtu maisha halafu usikumbuke hata jina? Akamsimulia yote, kofia na soseji na gauni, bila kupandisha sauti. Don alikaa na kitambaa cha vyombo mapajani mpaka chai ikapoa. Jioni alitoka akatembea peke yake kuzunguka kanisa, mara tatu, na walinzi wake wakimfuata nyuma hawajui wanakwenda wapi.

Nisiwafiche jinsi mambo yalivyo kwetu. Anayeisaidia serikali dhidi ya watu wa mtaa ni mbea, na mbea hapewi mkate dukani, haulizwi hali, hashonewi wala hapelekewi cha kushona. Angemaliza kusema saa tano, saa sita asingekuwa na pa kuishi. Na mimi, rafiki yake wa miaka ishirini na tano, nisingemwosha nywele. Naona aibu kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyo, ningefunga saluni nijifanye naumwa. Uaminifu wetu ni wa namna hiyo. Usiku ule nilisali asiseme, nusu kwa ajili yake na nusu kwa ajili yangu.

Jumatatu Filomena alivaa suti ya kijivu aliyojishonea. Jaji akamuuliza kama ameamua. Akasimama, akanyoosha sketi, akamtazama mumewe kwa muda mrefu.

"Mheshimiwa," akasema, "nimefikiri sana. Mimi..."

Don Calogero akasimama. "Nakiri," akasema. "Lori nililichukua mimi. Mwacheni mke wangu akae."

Portanova alimvuta koti mpaka mshono ukaachia. Nunzio alijishika kichwa. Jaji akamshauri mshtakiwa azungumze kwanza na wakili wake, na Don akajibu kwamba na wakili wake ameshazungumza vya kutosha. Watu wakacheka, hata karani. Akahukumiwa miaka minne.

Walipompitisha ukumbini nilikuwa karibu, nimejibanza kwenye nguzo. Portanova alikuwa analia, anamuuliza Don kwa nini, kwa nini, labda asingesema. Don akamwambia anyamaze.

"Amenitazama, nikaona atasema," akasema. "Na haki yake aseme. Lakini akishasema ataishi wapi? Nani atamuuzia mkate? Mmoja nilishamfukuza."

Sasa ni mwaka wa pili. Filomena bado anashona, na hakuna anayepita mlango wake bila kusalimu. Wanaume wakipanda kigoda kile wanaongea habari za mpira tu. Kila wiki inakuja barua kutoka gerezani, imejaa makosa ya herufi, inaanza "Filomena mpenzi" na jina limeandikwa sawasawa. Mzee anamuuliza amekula nini, kama dirisha la jikoni limetengenezwa, na kama gauni lile la zamani bado analo.

Juzi alikuwa kwenye kiti changu, kichwa kimejaa povu, nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza, "Shoga, siku ile ungesema?"

"Nilikuwa naanza kusema sitaki," akanijibu. "Mimi sitaki kutoa ushahidi, naomba niende nyumbani. Nilifika kwenye 'mimi', mwanamume akanikatiza."

Nilikaa chini na mikono yangu yenye sabuni. Miaka minne, nikamwambia. Mtu anakula uji wa serikali miaka minne kwa jambo ambalo halikuwepo. Nikamwambia ni lazima amwambie.

"Nimwambie ili iweje? Mwache aamini," akasema. "Ndicho kitu pekee alichowahi kumpa mtu bila kumnyang'anya mwingine kwanza."

Nikamwambia ainamishe kichwa nimsuuze.