Vichupa Chini ya Kitanda Changu

Wenzangu, pupa yangu imeniumbua. Mimi niliyeishia darasa la tatu nilikuwa naitangazia Kerenge nzima kwamba mjukuu wangu Zuhura anasomea wadudu chuo kikuu. Juzi alishuka kutoka mito ya Lutindi na vichupa vyenye wadudu wenye mabawa, wale wanaokulia chini ya mawe mtoni.

"Bibi, hawa hakuna aliyewahi kuwaandika vitabuni. Nikiwaandika mimi, nitawapa jina lako. Ila bila hawa sina kazi."

Kichwa kikanivimba.

Kesho yake akaenda Korogwe mjini kumpokea mwalimu wake. Nikafungua kichupa kimoja kati ya vile alivyoviweka chini ya kitanda changu, nikanusa. Pombe, tena kwenye chumba ninachoswalia. Nikasema huyu mtoto kaharibika, anaficha ulevi ndani ya wadudu. Nikamwaga vyote uani, nikaosha vichupa, nikatia mafuta ya nazi.

Wakafika. "Shikamoo, mama," mwalimu akaniamkia. Zuhura akauliza vichupa viko wapi.

"Pombe yako nimeimwaga."

"Bibi, ile ni spiriti, ya kuwazuia wasioze. Wadudu wenyewe wako wapi?"

Wote wawili walikuwa wanatazama uani, pale nilipomwaga, kuku wangu mwekundu akijipangusa mdomo chini.