Donge Lisiloyeyuka

Mji wetu wote wa Savelugu hakuna mkono uliokanda rojo la njugu za shea kama wa Sanatu, mke wa marehemu kaka yangu. Anayebisha aje kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimaliza tuo zaafi, ugali wake laini, kabla watoto hawajanawa. Rojo la shea likikataa kutoa mafuta, wanawake walimwita yeye. Akilikanda kidogo tu, mafuta meupe yanaibuka juu.

Kwa hiyo alipogusa kigololi kigumu kwenye titi la kushoto, hakushtuka. Alipasha mafuta ya shea moto akakikanda, asubuhi na jioni, msimu wote wa mvua mpaka mavuno. Kwake hakuna donge lisiloyeyuka. Tena hakikumuuma, na kisichouma nani atakipeleka hospitali? Nilimtania kwamba anajipaka mafuta ya kutafutia mume. Akanijibu kwamba wa kwanza kukataliwa nitakuwa mimi.

Siku moja nikamtania tena. Alikuwa mbele ya beseni, mkono mmoja kwapani.

"Shemeji," akasema polepole, "donge limezaa."

Mimi niliyewahi kumfukuza fisi, nikakimbia kutafuta gari la kutupeleka hospitali, Tamale.

Kule Tamale walichukua kipande kidogo cha donge wakakipima. Daktari, binti mdogo aitwaye Wumpini, akatueleza saratani kwa mfano wa gugu la kiduha. Chembe moja ya mwili inaasi, inakataa kufa, inajigawa bila kuamriwa. Ni kama kiduha kinavyong'ang'ania mizizi ya mtama chini ya udongo. Ukiona ua la zambarau, huko chini kimeshanyonya mengi. Kisha chembe nyingine zinachomoka, zinasafiri kwenye mishipa, zinatua kwapani. Zikiachwa, zinafika mifupani, mapafuni, kwenye ini.

"Ni mikono yangu iliyozisambaza?" Sanatu akauliza.

"Hilo sijui, mama, sitakuongopea. Ninachojua, kukanda kumekula muda."

Wakaondoa titi, wakampa dawa zinazonyonyoa nywele. Walipiga picha mifupa, mapafu na ini, hawakuona kitu. Hawakuona, alisema daktari, hakusema hakuna. Mimi mkulima naijua tofauti hiyo.

Sasa Sanatu anakaa kando wenzake wakikanda. Juzi alikohoa, mara moja tu, na mikono yote ikasimama ndani ya mabeseni. Nikasema labda ni mume mpya anabisha hodi. Sanatu aliweka kiganja kifuani, upande ulio tambarare, akatulia kama anayesikiliza.

"Kesho unipeleke Tamale," akasema. "Kikohozi hiki sikingoji kiyeyuke."