Kidonda Kisichotunga Usaha

Wifi yangu alipopata nafasi ya kusoma Ulaya, ukoo wao mzima kule Kilimanjaro ulichinja. Baadaye tukasikia kazi yake huko ni kufuga panya. Mimi nilikuwa na duka la vitenge Kariakoo, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye chochote akafungua duka, na panya walikuwa wananitafunia marobota. Nikamwambia angekuja dukani kwangu angesoma bure.

Alicheka, kisha akanieleza. Panya wake walizaliwa bila jeni moja, ile inayozipa chembe nyeupe za damu amri ya kutoka kwenye mshipa kwenda penye jeraha. Askari wamejaa kambini, alisema, ila hakuna anayesikia king'ora. Kwa hiyo vidonda vyao havitungi usaha. Unaviona visafi, unadhani vinapona, na panya anakufa.

Alirudi likizo nikiwa na kichanga, sijatoka arobaini. Wiki ya nne ilikuwa inakatika na kitovu cha mwanangu kilikuwa hakijadondoka. Mama mkwe alikisifia ukavu, akasema kila mtoto na siku zake. Wifi alipokuja Magomeni kunipa hongera, akamfunua mtoto, uso ukambadilika.

"Wifi, mbona hapa pembeni pamekuwa pekundu? Na anachemka huyu."

"Hakuna usaha hata kidogo," nilimjibu.

"Ndicho kinachonitisha. Vaa, tunaenda hospitali."

Mama mkwe akasimama mlangoni, akisema mzazi hatoki kabla ya arobaini. "Nisamehe mama," wifi alisema, akampita na mtoto begani.

Daktari alitupokea kwa ukali. Wifi hakupandisha sauti. Aliomba damu ipimwe, na kitovu kifutwe kwa pamba, vyote vitazamwe kwa hadubini. Damuni chembe nyeupe zilifurika. Kwenye pamba hazikuonekana, walikuwemo vijidudu watupu, kama kwa panya wake. Daktari akaandika dawa papo hapo. Nilimpenda wifi siku ile kuliko ndugu zangu wa damu.

Homa iliposhuka nilimwuliza kama mwanangu atakua. Hakunidanganya. Alisema atameza dawa kila siku, na kila mkwaruzo utakuwa wa kukimbiliwa hospitali. Ndivyo tulivyomlea, na leo ananizidi kimo.

Lakini jioni ile wifi alibaki kando ya kitanda, mikono nyuma, hataki kumgusa. Nikamwuliza kulikoni.

"Wenzake wote niliowajua," alisema, "nimewaua mwenyewe, nipate kuitazama damu yao."

Nikamnyanyua mwanangu, nikamwekea wifi kifuani.