Mgongo wa Kabati la Mke Wangu

Kabati lilifika nyumbani kwetu Shella limelala bapa ndani ya boksi, na mke wangu akalitazama kwa macho ya mtu aliyeahidiwa ng'ombe akaletewa ngozi. Binti yetu alilituma kutoka Mombasa kwa gari la mizigo. Kwenye simu alirudia mara mbili kwamba hilo ni la mama, baba asije akalijaza vitabu vyake. Nilimsikia vizuri. Nalitaja hili mapema kwa sababu baadaye lilitumiwa dhidi yangu.

Katika miaka yote niliyojaliwa kuishi na mke wangu, nguo zake zimekaa ndani ya sanduku la marehemu mamake na juu ya misumari ya ukutani. Hakulalamika hata siku moja. Lakini ana dadake anayekaa Mtwapa, kwenye nyumba za kisasa ambazo makabati yamejengwa ndani ya ukuta, na kila ajapo kwetu huzunguka chumba na buibui lake mkononi akauliza, kwa upole mwingi, kama ule msumari wa kushoto bado ni wa wageni. Shemeji huyo alikuwa anakuja Alhamisi, kwa ajili ya arusi ya jamaa siku ya Jumapili. Mke wangu alitaka jambo moja tu: dadake afike, afungue mlango wa kabati, atundike buibui lake, anyamaze.

"Maalim," aliniambia. Huniita hivyo, kama wanafunzi wangu wa chuo cha Kurani, hasa anapokuwa na mashaka nami. "Tumwite fundi?"

Nikamjibu fundi wa nini, na kitabu cha maelekezo kimo humo ndani ya boksi. Mimi ni mtu wa vitabu. Nimesoma vya Kiarabu, vyenye irabu na visivyo na irabu, sembuse hiki ambacho hakikuwa na neno hata moja, picha tupu za mtu mdogo mwenye kipara anayetabasamu.

Nilikifungua kama nilivyozoea kufungua vitabu tangu utoto, yaani kwa upande wa kulia, na katika ukurasa wa kwanza nikalikuta kabati limekwisha kusimama, limekamilika, na yule mwenye kipara yuko kando yake amefurahi. Nikamshukuru Mungu kwa kazi nyepesi. Kurasa zilizofuata zikawa zinalibomoa kidogo kidogo. Nilipong'amua kwamba naanzia mwisho, nilikuwa nimekwisha kutia bawaba na vishikio kwenye milango ya kitu kisicho na kuta. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Nikamwambia kuna wajenzi huanza na mlango.

Basi nikageuza kitabu, nikaanza upya kwa subira. Mbao zenyewe zilikuwa za ule unga wa mbao ulioshindiliwa, zimetobolewa tayari, na skurubu ziliingia bila ugomvi. Adhuhuri ilipoadhiniwa kabati lilikuwa wima. Niliporudi kutoka msikitini nikaliona bado liko wima, nikaona kazi imekwisha.

Vitu viwili vilibaki sakafuni. Cha kwanza ni ubao mwembamba, mpana, upande mmoja mweupe na laini kama yai lililomenywa. Ulikuwa umekunjwa katikati, na ukiuinua unafunguka kama msahafu. Cha pili ni kifuko cha misumari midogo midogo. Kitabuni yule mwenye kipara alionekana akigongagonga nyuma ya kabati, lakini ukurasa huo nilikuwa nimeupita mara ya kwanza katika safari yangu ya kinyumenyume, nikaamua zamani hizo kwamba anafukuza mende. Ubao nikauhesabu kuwa ni wa kulinda mzigo njiani. Misumari nikaihesabu kuwa ni ukarimu wa wenye duka.

Sasa nataka nieleweke. Mimi nasomesha watoto chuoni, nyuma ya msikiti wetu, na ubao wetu wa kuandikia ulikuwa umechakaa hata watoto wa nyuma walikuwa wakikisia nukta. Be na te, herufi za Kiarabu zinazotofautiana kwa nukta tu, kwao zilikuwa kitu kimoja. Mtu wa kazi yangu akiona ubao mweupe, laini, unaofunguka kama msahafu, hafikirii nguo. Baada ya Alasiri niliubeba kichwani, nikaupigilia ukutani pale chuoni kwa ile misumari midogo, ikatosha kana kwamba ilihesabiwa kwa ajili yake. Kisha nikawapa watoto mawaidha mafupi kuhusu sadaka. Niliwaeleza kwamba mtu akishatoa asirudi nyuma, kwani anayerudia sadaka yake ni kama mbwa anayerudia matapishi yake. Watoto wakacheka sana na mfano huo. Wakaushika.

Nilirudi nyumbani nimejaa furaha. Mke wangu alikuwa amechagua gauni lake la kwanza, lile la zambarau la Idi, akafungua mlango wa kabati alitundike. Kabati likarukuu, kama mtu anayeswali.

Sina neno jingine. Lilipinda pole pole, juu likaenda upande na chini likabaki, likatua hapo likitetemeka. Mke wangu alipofunga mlango likainuka. Alipofungua tena, likarukuu tena. Nilimwambia angalau lina unyenyekevu.

"Lingekuwa lina unyenyekevu lingeelekea kibla," akasema. Kweli, lilikuwa likiinamia upande wa bahari.

Nililaumu sakafu. Nyumba yetu ni ya zamani, na sakafu za nyumba hizo zilijengwa kwa mteremko kidogo ili maji ya kuoshea yatoke yenyewe. Nikakunja kipande cha boksi nikakitia chini ya mguu mmoja, kisha vipande vingine chini ya mguu wa pili. Kabati likawa refu zaidi na likaendelea kurukuu. Nikatia gunia la mchele ndani yake ili lipate uzito, likarukuu kwa heshima zaidi. Mwishowe nikachukua kamba, nikalifunga kwenye nondo za dirisha. Mke wangu alitazama ile kamba, akatazama kalenda, akaenda jikoni.

Shemeji alikuja Jumatano, siku moja kabla. Hodi yake tuliisikia kutoka barabarani. Akaamkua, akanywa maji, akavua buibui, na macho yake yakaanza kutafuta ule msumari. Mke wangu akamwambia kwa sauti tulivu, ambayo najua alikuwa ameifanyia mazoezi, kwamba siku hizi nguo zinatundikwa kabatini.

Nilisimama karibu na dirisha, nimeishika kamba nyuma ya mgongo wangu.

Shemeji akafungua mlango. Kabati likainama, kamba ikakaza, nami nikavutwa hatua moja kuelekea kwao.

"Shemeji," akasema, "huyu ni mbuzi wa Idi gani, afungwe mapema hivi?"

Nikaanza kumweleza habari za mteremko wa sakafu. Hakunisikiliza. Alipitisha mkono katikati ya nguo, akauzamisha mpaka begani, na tukasikia kucha zake zikikwaruza chokaa ya ukuta wetu.

"Mbona nashika ukuta? Dada, kabati lako halina mgongo. Mtu asiye na uti wa mgongo atasimamaje?"

Niliuona ukurasa wa mende mbele ya macho yangu, wazi kabisa. Yule mwenye kipara hakuwa akifukuza chochote. Alikuwa akipigilia ubao mweupe, pembe kwa pembe, ili kabati lisipate nafasi ya kwenda upande. Mke wangu naye alikuwa amenigeukia.

"Maalim, ule ubao uko wapi?"

Nikasema uko chuoni. Nikaeleza jinsi nilivyoutoa, na hali ya watoto wa nyuma. Shemeji alikaa kitandani ili acheke vizuri. Kisha akasema jambo lenyewe ni jepesi, nichukue nyundo, niende nikaung'oe. Nikamwambia haiwezekani. Nimekwisha kuutoa sadaka, na mwenye kurudia sadaka yake mfano wake unajulikana. Kesho wale watoto wataniangalia wakaona mbwa. Nilisema hayo kwa utulivu wa mtu aliyeegemea dalili ya Hadithi.

Mke wangu alikunja lile gauni la zambarau, akaliweka magotini. Kila Ijumaa nikisomesha barazani yeye hukaa nyuma ya pazia akichambua mchele, nami siku zote nilidhani anachambua mchele tu.

"Nikuulize suala la kujifunza," akasema. "Mtu akitaka kutoa sadaka, atoe katika mali ya nani?"

"Mali yake."

"Akitoa ya mwenziwe bila idhini?"

Nikasema wanavyuoni wanasema haikuswihi, yaani ni batili.

"Na binti yetu alisema kabati ni la nani?"

Shemeji alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Mimi nilitazama nondo za dirisha. Katika maisha yangu nimesomesha watu wengi, lakini sijapata kumsomesha mtu akanirudishia darasa kwa usafi kama ule.

"Mama wee," akasema shemeji, "nyundo iko wapi?"

Mke wangu hakutaka nyundo. Alivaa buibui lake akasema twende chuoni, auone mwenyewe huo ubao kabla hajauhukumu. Tulikwenda, yeye mbele na mimi nyuma. Watoto walikuwa katikati ya somo na mwalimu mwenzangu, kijana mpole, akiwaonyesha herufi kwa kijiti. Kwenye weupe ule zilionekana kama nzi juu ya maziwa. Mke wangu alisimama mlangoni, akamwinamia msichana mdogo wa safu ya mwisho, akamwuliza kwa sauti ya chini kama anaona.

"Naona, bibi," yule mtoto akasema. "Be ina nukta moja chini. Te ina mbili juu." Kisha akanitazama mimi niliyesimama nyuma ya mke wangu, akaongeza, "Na hauchukuliwi tena. Maalim alitwambia habari za mbwa."

Njia yote ya kurudi mke wangu alitembea mbele akipima jambo, nami nilijua kinachopimwa: kwa upande mmoja watoto wale, kwa upande wa pili dadake, ambaye angeirudia hadithi ya kamba Mtwapa yote, na Jumapili arusini. Tulipofika, shemeji akauliza ubao uko wapi.

"Utabaki," akasema mke wangu. Kisha akanigeukia. "Lakini ni sadaka yangu, si yako. Thawabu za kila herufi ni zangu. Wewe ulikuwa hamali, umeubeba tu. Na kabla ya Jumapili nataka kabati langu lipate mgongo."

Nikakubali hukumu. Haikuwa na rufaa.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa seremala nikanunua ubao wa plaiwudi, akanikatia kwa kipimo. Rangi yake ni ya kahawia na una mafundo, hauna uzuri wa ule wa kwanza. Nililitoa gunia la mchele, nikafungua kamba, tukalilaza kabati kifudifudi juu ya mkeka. Kitabu nilikianza upande unaopasa. Katika ukurasa ule wa mende mlikuwa na mistari miwili iliyokatana kutoka pembe hadi pembe, ambayo zamani niliifasiri kuwa ni alama ya marufuku. Maana yake ilikuwa upime. Shemeji akashika ncha moja ya uzi pembeni juu, mimi nikashika nyingine pembeni chini mkabala, kisha tukapima pembe mbili nyingine. Uzi ukapungua.

"Limepinda, shemeji. Kama mafunzo yako."

Tukalisukuma kidogo, tukapima, tukalisukuma tena, mpaka pande zote mbili zikalingana. Hapo ndipo nikapigilia, msumari baada ya msumari, kuzunguka kote, na mke wangu akikagua nafasi baina yake. Tulipoliinua lilikuja zima kama kitu kimoja. Kwa ajili ya mteremko nilichonga vipande vyembamba vya mti nikavitia chini ya miguu ya mbele. Halafu, kwa kuwa sikuwa na imani tena na nafsi yangu, nikalishikiza kwa chuma kwenye ukuta. Chokaa yetu haishiki skurubu, humwagika kama unga, kwa hiyo nilitangulia kutoboa na kupigilia vigingi vya mti, na skurubu zikauma humo.

Mke wangu akafungua milango yote miwili kwa pamoja. Kabati halikutikisika. Akatundika gauni la zambarau, na chini yake akaweka chetezo chenye udi, jambo ambalo hakuthubutu kabla, kwa kuogopa makaa. Moshi ulijaa humo ndani ukabaki, maana sasa haukuwa na pa kutokea kwa nyuma.

Shemeji alilisukuma kwa bega. Akalisukuma kwa nyonga, na hiyo si nyonga ndogo. Akafungua mlango wa kushoto, akaufunga, akaufungua. Kisha akachukua buibui lake, akalitundika, akafunga mlango.

Akanyamaza.

Mke wangu hakumtazama. Alikuwa akipanga leso zake kwenye rafu, moja moja, taratibu kuliko ilivyohitajika.

Tangu siku hiyo, nikiwa chuoni na watoto wakisoma kwa sauti kutoka kwenye ule ubao, nakumbuka kwamba kila herufi inakwenda nyumbani kwangu na kunipita mlangoni. Majuzi nilijaribu kudai fungu dogo. Nilimwambia mke wangu kwamba ubao ni wake, sina ubishi, lakini kuna ile kazi ya kuupigilia ukutani.

Akafikiri kwa haki, kama kawaida yake.

"Misumari nayo," akasema, "ilikuwa ya nani?"