Vifungo vya Shati la Fundi

Mume wangu kila mtu anamwita Fundi, na mimi namwita hivyo hivyo, maana hata siku aliyokuja kunichumbia alianza kwa kuniambia pindo la gauni langu limeshonwa ovyo. Nilimchukia papo hapo. Huu ni mwaka wa thelathini na moja na bado sijavaa nguo iliyoshonwa na mtu mwingine, kwa hiyo chuki yenyewe mnaiona ilivyoishia.

Ni mtu wa kawaida kabisa. Ana chumba kimoja cha kazi kando ya barabara, cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia, pasi nzito, na jeuri. Mteja akileta kitambaa kibovu anarudishiwa hapo hapo. Kwa kugusa tu, bila kutazama, Fundi anakuambia kama ni pamba tupu au imechanganywa. Vidole hivyo ndivyo vilivyotusomeshea watoto.

Basi, mwaka juzi saratani ikamshika utumbo mpana. Wakamfanyia upasuaji, wakampa dawa ya kwanza, ikashindwa. Wakampa ya pili, ikashindwa nayo, na ugonjwa ukahamia kwenye ini. Ndipo daktari akatuita akatueleza habari za utafiti. Kuna dawa mpya, alisema. Imeshajaribiwa kwa watu wachache kuona kama mwili unaivumilia. Sasa inajaribiwa kwa watu arobaini ambao ugonjwa wao umesambaa, kuona kama kweli inapunguza uvimbe, na kwa dozi gani. Hakutuahidi kitu. Alitusomea karatasi kumi na mbili, ukurasa kwa ukurasa, na Fundi akatia saini kwa ule mwandiko wake mzuri wa kuandikia vipimo vya watu.

Kazi yetu ilikuwa ndogo. Kila wiki tatu dripu, kila miezi miwili picha ya ini. Na kila siku daftari: mgonjwa aandike kwa mkono wake kama ametapika, kama ana vidonda mdomoni, kama mikono au miguu imekufa ganzi. Sista wa utafiti, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo, alirudia mara tatu.

"Baba, sisi tunaona kupitia daftari hili. Usitufiche kitu."

Picha ya kwanza ilionyesha uvimbe mkubwa wa ini umetoka sentimita sita umefika nne. Nilipiga kigelegele pale koridoni mpaka mlinzi akaja mbio. Fundi akaniambia nimemwaibisha, huku machozi yanamtoka.

Wiki hiyohiyo Mwalimu akaondolewa. Mwalimu alikuwa mstaafu aliyekaa kiti cha jirani wakati wa dripu, mzee wa utani mwingi. Tulimsikia kwa masikio yetu akimwambia Sista kwamba miguu yake ina ganzi. Safari iliyofuata kiti kitupu. Tulipouliza, Sista akasema amesimamishwa dawa na haruhusiwi kueleza zaidi. Tukajielezea wenyewe. Tulipotoka nje Fundi alinishika mkono.

"Umeona? Ukisema ganzi, wanakutoa."

Mwezi haujaisha, ganzi ikamjia na yeye.

Kwanza uzi ulikataa kupita kwenye tundu la sindano, akailaumu sindano. Kisha akashindwa kufunga shati, akalilaumu shati. Siku moja nilimkuta ameshika kitambaa cha mteja, anakisugua, anakisugua, mwisho akakipeleka shavuni. "Hiki ni nini?" akaniuliza kwa sauti ndogo. Kilikuwa hariri. Nilikichukua nikakikunja, nikakiweka mbali naye.

Nilimwambia twende tukaseme. Akanijibu, "Vidole au ini? Haya, chagua." Wewe ungechagua nini? Mimi nilichagua ini.

Tukawa waongo wa nyumba nzima. Kalamu ilikuwa inamponyoka, kwa hiyo daftari nikaliandika mimi, naiga mwandiko wake, kila siku ya Mungu: sijambo, hakuna ganzi. Mashati yake nikayang'oa vifungo nikaweka vile vya chuma vya kubana, vinavyolia pap, kwa sababu kila safari Sista humwambia afungue shati asikilize moyo. Wateja nikawaambia Fundi anapumzika. Picha ya pili ikakuta ile nne imesimama palepale, nasi tukajiona wajanja.

Angepumzika kweli, labda tungeendelea hivyo hivyo. Lakini Sista akamletea sare yake nyeupe apunguze kiuno. Nikasema nitaishona mimi. Wapi! "Sista ameleta nguo kwa fundi, hajaleta kwa mke wa fundi." Akaenda nayo kwenye chumba cha kazi, akarudisha mlango. Nilipoingia kumpa chai, cherehani inakwenda, na kwenye kile kitambaa cheupe kuna doa jekundu linakua. Sindano ilikuwa imempita kidole cha shahada, na yeye bado anakanyaga. Nikapiga kelele. Alikitazama kile kidole kana kwamba ni cha mtu mwingine.

Doa nililifua kwa maji baridi na chumvi. Likabaki kidogo ndani ya mshono. Nikajiambia, nani ataangalia ndani ya mshono?

Sista aliangalia.

Siku ya dripu ya nane tulikuta mfuko wa dawa umeshatundikwa. Sista akatuamkia, halafu akafunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Baba, kidole kimepatwa na nini?"

"Mkasi," Fundi akasema.

"Pole. Fungua shati nikusikilize."

Pap, pap, pap.

"Mbona siku hizi mashati yako yote yana vifungo vya hivi?"

"Fasheni." Fundi huyu, ambaye maisha yake yote ameviita vifungo vya watoto wachanga!

Sista hakucheka. Alisogea akasimama mbele yake, akafungua kifungo kimoja cha koti alilovaa juu ya sare. Kifungo kikubwa, mtoto wa miaka minne angekifunga.

"Nifungie hiki, baba."

Fundi akakishika. Kikateleza. Akakishika tena, anavikodolea macho vidole vyake ili vijue pa kwenda. Jasho likamtoka puani. Kikateleza. Mara ya tatu akakifikisha kwenye tundu, kikageuka, kikaanguka. Akaniinulia macho, na macho yalisema: ole wako. Mimi natazama ule mfuko juu ya kichwa chake. Nilijua uhai wa mume wangu uko humo, na nikisema neno moja utashushwa. Nilijua vilevile kwamba dawa hiyohiyo ndiyo iliyomla vidole, na kesho itakula nini?

"Mwandiko ni wangu," nikasema. "Wa daftari. Miezi miwili sasa. Hana vidole, Sista. Sindano imempita hakusikia."

"Mwanamke wewe," Fundi akasema. "Umeniua."

Sista akatoka, akarudi na daktari. Daktari hakufoka, na afadhali angefoka.

"Nani aliwaambia kwamba ganzi inamtoa mtu?"

"Tuliona kwa Mwalimu," nikasema.

"Habari za mgonjwa mwingine sizisemi. Nawaambia utaratibu tu. Mwenye ganzi hupumzishwa, halafu hupunguziwa dozi. Anayetolewa ni yule ambaye uvimbe wake umekua." Tukaelewa. Maskini Mwalimu wa watu. "Mngesema mapema, vidole vingekuwa na nafuu. Sasa sijui. Na kuna jingine. Mwezi uliopita tulikaa kuamua kama dozi hii ni kubwa mno kwa wote. Walioandika ganzi walikuwa wachache, tukaiacha ilivyo. Wagonjwa wapya wakaanza na dozi hiyohiyo."

"Wangapi?" Fundi akauliza.

"Sita."

Mfuko ukashushwa haujaguswa. Uamuzi ukawa huu: wiki tatu bila dawa, kisha picha. Uvimbe ukiwa haujakua, anarudi kwa dozi ndogo. Ukiwa umekua, basi.

Wiki tatu hizo hatukusemeshana. Akitafuta kitu anauliza ukuta: "Kuna mtu ameona miwani?" Ukuta haukujua, namjibu mimi. Mashati yake niliyarudishia vifungo vya kweli, na kila asubuhi namfunga mwenyewe, kimoja kimoja, yeye kainua kidevu hataki kuniangalia. Kila nikimfunga namgusa tumbo upande wa ini, naogopa, kama vile mkono wangu ungeweza kupima kitu. Siku ya picha nilimfunga kombo.

"Umeruka kimoja," akasema. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu siku ile, na mimi nikalia hapo hapo nikiwa nimeshika kola yake.

Sentimita nne nukta moja. Daktari akasema tofauti hiyo ni ndogo mno, kwao haihesabiwi kuwa imekua. Fundi anarudi kwenye dawa. Kigelegele sikupiga safari hii.

"Na wale sita?" Fundi akauliza kabla hajakaa.

"Tumewauliza mmoja mmoja," daktari akasema. "Wote wanasema hawajambo. Wasiposema, sina cha kupeleka kikaoni."

Tukaingia kwenye chumba cha dripu. Kiti cha Mwalimu kilikuwa na mgonjwa mpya, msusi, wa umri wa mtoto wetu wa kwanza. Fundi akakaa, akaanza kumkagua kama anavyokagua nguo ya mteja. Gauni halina zipu wala kifungo, la kuvalia kichwani. Miguuni ndara. Kilemba kimefungwa na mtu mwingine, fundo liko nyuma mahali ambapo mkono wa mwenyewe haufungi hivyo. Na daftari lilikuwa mapajani mwa mdogo wake, na kalamu pia.

"Vidole vinasemaje, mwanangu?"

"Vizima, baba. Kabisa." Mdogo wake akainamia daftari.

"Uongo huo nimeushona mimi," Fundi akasema. "Naujua kila mshono. Sista! Sista, njoo huku!"

Msusi akamrukia mkono kumzuia. "Baba nakuomba, wataniondoa, nina watoto, nakuomba!" Akambana kwa nguvu zake zote, kucha zikazama kwenye vidole vya mume wangu mpaka nikaona damu. Fundi hakuhisi kitu, na msusi hakujua anabana kiasi gani. Fundi akaendelea kuita.