Ruba Aliyepewa Jina la Mama Mkwe

Kama unadhani mnyoo ni mnyoo tu, basi hujafika Wamagana. Sisi watu wa Tetu hatupendi kujisifu, lakini ukweli ni kwamba mtu aliyewapanga minyoo wa majini vizuri kuliko wote, kutoka Sagana mpaka Doldol, ni wa huku kwetu, na jina lake ni Gicheru wa Kingori. Utaambiwa kuna maprofesa. Waache na uprofesa wao. Profesa gani amewahi kumpa mnyoo jina la baba yake mzazi?

Gicheru ni mtu wa maabara katika shule moja ya kutwa iliyo juu ya bonde. Si mwalimu, ingawa ukimwita mwalimu hatakusahihisha. Huosha chupa, hufunga gesi, hupangusa darubini, na huwafukuza wanafunzi wanaotaka kuchoma kila kitu ili wasikie harufu yake. Koti lake jeupe liliacha kufungika siku nyingi, tumbo likiwa limetangulia. Alimaliza kidato cha nne kwa alama anazozitaja kwa sauti ya chini, na hilo ndilo jambo pekee analolitaja kwa sauti ya chini.

Mapenzi yake na minyoo yalianzia kwenye tope. Baba yake alikuwa akilima nduma, yale magimbi ya bondeni, na Gicheru alipokuwa akisaidia kung'oa, aliwaona wale wekundu, wembamba kama uzi, waliozika vichwa matopeni na kuacha mikia ikipepea majini. Alishindwa kuelewa wanapumuaje wakiwa kichwa chini. Jibu alilipata akiwa na mvi, kutoka kwa mwalimu wa biolojia, Madam Karimi, mtu wa Chogoria, mpole, asiyecheka ovyo.

"Wanapumua kwa mkia," Karimi alimwambia.

"Ati kwa mkia? Madam, unanichezea."

"Nikuchezee nipate nini? Ule mkia unaopepea ndio unavuta hewa ya majini."

 Kesho yake Gicheru akaja na chupa ya jemu iliyojaa tope, na kesho kutwa na nyingine. Haikupita muda, dirisha zima la maabara likawa limepangwa chupa, na Karimi akamfundisha kuzigawa.

Kuna walio bapa kama jani la chai lililolowa. Hao mdomo wao uko katikati ya tumbo, na chakula kikiisha kazi kinatokea mlango uleule kilioingilia. Usicheke, ndivyo walivyoumbwa. Ukimkata mmoja vipande viwili, baada ya muda una wawili. Kuna wale warefu kama unywele wa mkia wa farasi, wanaokulia ndani ya panzi na kutoka wakishakomaa. Halafu kuna ukoo mkubwa wa wenye pingili, ambao mwili wao ni pete juu ya pete, kutoka mdomoni hadi mkiani. Ukoo huo una nyumba zake. Wekundu wa tope wana vinywele vigumu ubavuni vya kujishikilia. Ruba hawana vinywele, wao wana vikombe vya kunyonya, kimoja mbele na kimoja nyuma.

"Kumbe ni kama sisi," Gicheru akasema. "Kuna ukoo, kuna mlango, kuna nyumba."

"Kama sisi kabisa," Karimi akakubali. Hapo ndipo alipokosea, kumkubalia.

Kwa sababu chupa zilihitaji majina. Karimi aliandika ya Kilatini, lakini Kilatini kwenye ulimi wa Gicheru kilikuwa kama mfupa wa samaki. Basi siku moja, wanafunzi wakiwa wameenda nyumbani, akazibandua karatasi za Karimi na kuwapa minyoo majina jinsi sisi tunavyowapa watoto. Unajua mpango wetu: mvulana wa kwanza ni babu mzaa baba, wa pili ni babu mzaa mama. Msichana wa kwanza ni bibi mzaa baba, wa pili ni bibi mzaa mama. Hakuna kubahatisha, na hakuna kuchagua jina kwa sababu ni tamu.

Mwekundu wa tope akawa Kingori, baba yake. Bapa akawa Mwai, baba mkwe, Mungu amrehemu. Yule wa unywele akawa Griffins, kaka yake mrefu anayeuza vipuri Nanyuki. Kisha akaja kwa wanawake, na hapo akili ya Gicheru ikafanya kazi kupita kiasi. Alikuwa ameona kwamba baadhi ya wenye pingili wana mshipi, sehemu iliyovimba kidogo kuzunguka mwili. Akasema moyoni, nani hujifunga mshipi kiunoni akienda shambani? Mama. Basi mwenye mshipi ni mwanamke. Mwenye mshipi wa kwanza, wa tope naye lakini mnene, akawa Warigia, mama yake. Wa pili alikuwa ruba mdogo wa rangi ya majani makavu. Mshipi wake ulikuwa hafifu sana, lakini Gicheru aliuona kwa kuwa alitaka kuuona. Akaandika kwa herufi kubwa: NDUTA.

Nduta ni mama yake Phyllis, na Phyllis ni mke wa Gicheru.

Jumatatu Karimi aliziona zile karatasi, akamwita Gicheru kwa jina la binti yake, ambaye naye amepewa la bibi yake.

"Baba Warigia, huu mshipi si wa wanawake. Wote huuvaa wakikomaa. Ndio unaotengeneza kifuko cha mayai. Kila mmoja wa hawa ni dume na pia ni jike."

"Mmoja huyohuyo?"

"Huyohuyo."

"Lakini Madam, gundi imeshakauka."

Wanafunzi walifurahi. Kwa mara ya kwanza waliweza kukwambia ruba ana nini ambacho Kingori hana. Tatizo ni kwamba wanafunzi wana mama zao, na mmoja wa mama hao ni Watiri, ambaye huimba katika kwaya, na ambaye mdomo wake haujawahi kulala njaa. Kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa huko Mukurwe-ini, Watiri alimwinamia Nduta na kumnong'oneza kwa sauti iliyofika madhabahuni: "Mama, nimesikia mkwe wako amekupa jina. Uko kwa chupa. Wewe ni ruba."

Ili uelewe uzito wa neno hilo, lazima umjue Nduta. Alizaa mabinti watupu, na mumewe Mwai akafa wakiwa bado wadogo. Mabinti hao waliolewa wote, lakini siku hizi watu huzaa kidogo. Huyu ana wavulana watupu, yule ana msichana mmoja. Phyllis naye ana Kingori, Warigia na Mwai, akafunga ukurasa. Kwetu, mtu akipewa jina tunasema amezaliwa. Nduta alikuwa amengoja kuzaliwa miaka mingi bila kulalamika, na jina lake liliporudi duniani kwa mara ya kwanza, lilirudi likiwa limebandikwa kwenye chupa ya mnyonya damu.

Simu ilimfikia Phyllis Alhamisi. Alipoiweka chini, alimkuta Gicheru akila viazi.

"Mama anakuja Jumamosi. Amesema tusipike."

"Tusipike nini?"

"Chochote. Hata chai asipikiwe."

Gicheru akaweka kijiko chini. Mama mkwe asiyetaka hata chai haji kutembea, anakuja kufunga mlango.

"Baba Warigia," Phyllis akasema, na hakupaza sauti, jambo lililomtisha Gicheru zaidi, "mama akiondoka hapa na hasira, hatarudi. Namjua. Kwa dada yangu wa Sagana hajakanyaga tena tangu aambiwe anaongea sana. Huyo ni mama yangu mmoja tu niko naye. Wewe ndiye uliandika, wewe ndiye utafuta."

Ijumaa Gicheru alifuta kwa njia ya Gicheru. Alibandua karatasi ya NDUTA na kubandika nyingine: WATIRI. Akaitazama, akacheka peke yake, akaenda nyumbani akiamini ameokoka.

Jumamosi asubuhi jua lilikuwa limetoka na mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni. Nduta alishuka kwenye pikipiki akiwa na sweta ya kijani na kitambaa cheupe kichwani, miwani ya kusomea Biblia ikining'inia shingoni. Hakuingia nyumbani. Alimsalimia Phyllis langoni, akamgeukia mkwewe.

"Nipeleke kwa hizo chupa."

Walitembea mpaka shuleni, Gicheru mbele kidogo na pembeni, kama inavyompasa mtu anayemheshimu mama mkwe. Maabara ilikuwa tupu. Nduta akavaa miwani na kuanzia upande wa kushoto.

"Huyu ni nani?"

"Ni baba yangu, Mama. Kingori."

"Mbona amezika kichwa?"

"Anakula tope. Anapumua kwa mkia."

"Mzee Kingori nilimjua. Hata kwenye mahari alikuwa hivyohivyo, ukimuuliza jambo anaangalia chini." Akasogea. "Na huyu bapa?"

Gicheru akakohoa. "Huyo ni... ni mzee Mwai, Mama."

Nduta akainama. Yule mnyoo ana macho mawili meusi yaliyokaribiana sana, kama mtu anayejitazama pua.  Phyllis, aliyekuwa amefuata mpaka mlangoni, akashika mdomo.

"Makengeza ni yake," Nduta akasema hatimaye. "Hayo hujamsingizia."

"Na ukimkata, Mama, anakuwa wawili," Gicheru akaropoka kwa furaha ya kuona mambo yanalainika.

"Wawili wa nini? Mmoja alinitosha." Akanyooka, akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya sweta, akaivaa tena. "Sasa nionyeshe mimi niko wapi."

Gicheru aliitazama karatasi ya WATIRI. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeoshwa na kupigwa pasi. Lakini yule mama alikuwa amesimama mbele yake, mfupi, bila hasira usoni, akingoja tu. Uongo ukakataa kutoka. Akaisogeza chupa.

"Ni huyu. Nilibadilisha karatasi jana. Niliogopa."

"Huyu ndiye ananyonya damu ya watu?"

"Hapana, Mama. Na sisemi hivyo kwa kuogopa." Sasa alikuwa amefika kwenye mambo anayoyajua, na sauti yake ikatulia. "Ruba wana nyumba nyingi. Kuna wenye meno, hao ndio huingia puani mwa ng'ombe na kushika mguu wa mtu. Huyu hana meno. Ana mrija mdogo, anakula konokono. Damu ya mtu haitaki."

"Watiri hakusema hivyo."

"Watiri hajamwangalia. Tazama chini yake, hapa, kwa hiki kioo cha kukuzia."

Alimpa kioo na kuigeuza chupa polepole kuelekea dirishani. Ruba alikuwa amejishikiza kwenye ukuta wa chupa, tumbo likitazama nje. Na hapo tumboni, kama punje za mtama zilizo hai, walikuwa wanawe, wameng'ang'ania kila mmoja kwa mkia wake, vichwa vikicheza. Kila baada ya muda mama yao aliutikisa mwili, kama mtu anayepepea jiko, ili maji mapya yawapitie.

Nduta aliangalia. Aliangalia mpaka shingo ya Gicheru ikaanza kuuma kwa kusubiri.

"Amewabeba wote?"

"Wote. Walipokuwa mayai alikaa juu yao. Akisogea husogea nao. Wakikuta konokono, hula pamoja."

"Baba yao yuko wapi?"

"Hana... yaani, Mama, hawa kila mmoja ni baba na ni mama. Ndivyo Madam Karimi alinisahihisha. Mimi nilidhani mshipi ni wa wanawake."

"Kila mmoja ni baba na ni mama," Nduta akarudia. Akakirudisha kioo. "Hiyo kazi naijua."

Phyllis akageuza uso kuelekea uwanjani. 

"Nilikuja kuvunja hii chupa," Nduta akaendelea, polepole. "Nilikuwa nimeamua, niivunje, nipande pikipiki, mniage mkiwa barabarani. Sasa sivunji. Lakini mtu wa jina langu hakai kwa chupa ya jemu. Mrudishe kwao."

"Mama, Jumatatu wanafunzi wanangoja kuwaona hao watoto. Hata Madam Karimi hajawaona. Mimi tangu nianze hii kazi, huyu ndiye wa kwanza wa aina hii kumpata akiwa na watoto."

"Mimi nimekuuliza mambo ya Jumatatu?"

Hakuuliza. Gicheru akachukua chupa.

Walishuka njia ya nduma mpaka kwenye kijito kilicho chini ya shule, Nduta akichagua pa kukanyaga, Phyllis amemshika mkono. Kwenye ukingo, mama mkwe alikataa mahali pa kwanza kwa kuwa maji yalikuwa makali, akakataa pa pili kwa kuwa watu hufulia hapo. Pa tatu palikuwa na jiwe kubwa na maji yaliyotulia nyuma yake. Akatikisa kichwa kukubali.

Gicheru alipiga magoti, koti jeupe likaingia topeni. Akamtoa ruba kwa kidole, polepole sana ili watoto wasimwagike, akazamisha mkono. Ruba hakutoka. Kikombe cha nyuma kilikuwa kimeshika ncha ya kidole, na mwili wote ukajikunja juu ya wanawe kama kifuniko. Gicheru akatikisa kidogo. Hakutoka. Akamsukuma kwa unyasi.

"Wacha kumfukuza!" Nduta akafoka, kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumboni kilichomfanya ajishike kwa binti yake. "Umemwita kwako mwenyewe, sasa unataka aende haraka? Tulia. Ataenda akitaka."

Basi Gicheru wa Kingori, mpangaji mkuu wa minyoo wa Tetu nzima, akakaa amepiga magoti na mkono majini, baridi ya maji ya milima ya Aberdare ikimpanda mpaka begani, mkewe na mama mkwe wakizungumza juu ya kichwa chake habari za mavuno ya chai. Mwisho wake ruba alinyoosha kichwa, akaligusa jiwe, akalipenda, akahamia na ukoo wake wote.

"Ameshuka," Gicheru akasema.

"Nimeona." Nduta akageuka kutazama mteremko waliotokea, akalisugua goti. "Huo mlima nikiupanda, siwezi kupanda pikipiki tena leo. Mama Warigia, kitanda cha wageni bado kiko na lile godoro gumu?"

"Tulibadilisha, Mama."

"Basi nitalala. Na kesho tutapita kwa Watiri, wewe na mimi na huyu bwana yako. Yeye atamweleza ruba wenye meno ni akina nani. Mimi nitakaa tu nikimwangalia."