Jina la Emmy

Tangu mwaka 2001 Wacera alikuwa amechapa ratiba za mazishi za nusu ya Trans-Nzoia. Katika duka la uchapaji la Nyambu, mwajiri wake mjini Kitale, vidole vyake havikuwa na mpinzani. Macho ndiyo yaliyochoka. Kutwa nzima mbele ya kompyuta, bila kupepesa vya kutosha, yalikauka, yakawasha kama yametiwa mchanga, na kufika saa kumi herufi zilikuwa zinapandana. Daktari alimwambia ayapumzishe kila mara, atazame mbali, avae miwani. Thubutu! Aliamini taipisti mwenye miwani hana siku nyingi kazini, akamficha hata mumewe, Jotham.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Kifo kilikuja kweli, ila si chake: baba mkwe wake alifariki huko Kanduyi, naye Wacera akapewa wasifu wa marehemu auchape.

Miongoni mwa watoto alikuwamo Emmy, aliyezaliwa nje ya ndoa na kuletwa bomani akiwa na miaka minane. Mzee alimpenda, lakini hakuwahi kumtaja mbele ya watu. Emmy alileta jina lake mwenyewe kwenye orodha, akamwambia Wacera:

"Mama Kizito, siku hiyo na mimi nitasomwa pamoja na wengine. Usinisahau."

"Nikusahau aje, wifi yangu?"

Akachapa tangu asubuhi hadi jioni, macho yakimwasha hadi kutiririka machozi. Akaruka mstari mmoja.

Siku ya mazishi kila mtoto aliyetajwa alisimama, waombolezaji wamwone. Emmy alikuwa ameshanyoosha gauni lake. Msomaji akamaliza watoto, akaingia kwa wajukuu. Masikini Emmy, alibaki pale kitini.

"Ni macho, wifi," Wacera alilia baadaye.

"Ati macho? Si hata trekta ya mzee umeandika!"

Ukoo mzima ukasema alitumwa na wanaotaka kumnyima Emmy shamba.

Alinunua miwani mwezi uliofuata, na Nyambu wala hakumfukuza. Akauchapa wasifu upya, jina la Emmy likiwa mahali pake, akaupeleka Kanduyi. Emmy aliusoma polepole, kisha akaukunja na kumrudishia.

"Ni mzuri, Mama Kizito. Lakini mzee husomewa mara moja tu."

Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililomuuma Wacera zaidi. Kwa miwani yake mipya aliuona uso wa wifi yake vizuri sana, kila chozi.